Bunduki ya Babu: Thamani Yake, Sheria Yake na Namna ya Kuhifadhi Historia Yake

Kwa wakazi wa Kaunti ya Taita Taveta

Karibu kila familia ina kitu kimoja cha marehemu ambacho hakuna anayethubutu kukitupa. Kwa wengine ni mkongojo wa babu. Kwa wengine ni nishani ya vita, picha iliyofifia, au kile kikasha cha chuma cha kipande ambacho wazee walilazimishwa kukivaa shingoni enzi za mkoloni. Kwa familia chache, kitu chenyewe ni bunduki: gobori lililoshika kutu juu ya dari, raifo ya zamani iliyofungwa kwa gunia, au bunduki ya kuwindia ambayo haijatoa mlio tangu watoto wa leo hawajazaliwa.

Somo la toleo hili ni la familia hizo chache, na pia la majirani zao, kwa sababu silaha iliyofichwa katika nyumba moja ni jambo la kijiji kizima. Halikuandikwa kumtisha mtu wala kumshtaki mtu. Baada ya kulisoma, tunatarajia utaweza kufanya mambo matatu: kueleza kwa nini silaha ya zamani huwa na uzito moyoni; kujua sheria inataka nini mwenye silaha anapofariki; na kuhifadhi historia ya mzee wako hata kama silaha yenyewe haitabaki nyumbani.

1. Kwa nini bunduki kuukuu hupendwa

Mtu wa nje akiiona bunduki ya namna hii huona chuma na mbao. Mjukuu huona mikono iliyoishika. Kitako kimelainika mahali shavu la babu lilipoegemea. Pengine pana herufi mbili za jina lake zilizochongwa kwa kisu. Pengine mkanda wa ngozi ulishonwa na nyanya kwa uzi wa katani. Alama hizo haziuzwi dukani wala hakuna fundi anayeweza kuzitengeneza upya.

Sababu ya pili ni kwamba wazee wengi hawakuacha maandishi. Hawakuandika barua wala kitabu cha kumbukumbu. Askari aliyerudi kutoka Burma mwaka 1945 alirudi na mwili wake, nishani akibahatika, na masimulizi. Akifa, kitu alichokigusa ndicho kinachobaki kuwa shahidi. Familia inaposema "hatutoi bunduki ya mzee," mara nyingi maana yake ni "tusipokuwa na hii, nani atatuamini kwamba alikuwepo?"

Sababu ya tatu ni heshima. Kuna mabaraza ambamo mtu hutambulishwa kuwa mjukuu wa fulani aliyeua simba aliyekuwa akimaliza ng'ombe wa kijiji, na bunduki ikawa ushahidi wa ushujaa huo. Kuiondoa nyumbani huonekana kama kumvua marehemu heshima yake.

Hisia hizo ni za kweli na hatuzidharau. Swali la somo hili ni hili: je, heshima hiyo inakaa ndani ya chuma, au inakaa mahali pengine?

2. Zilifikaje mikononi mwetu

Kabla ya kuamua la kufanya, ni vyema kujua silaha ilitoka wapi. Katika eneo letu, silaha za zamani zina njia kuu nne.

Njia ya kwanza ni misafara ya biashara. Katika karne ya 19, misafara ya pembe za ndovu ilitoka Mombasa, ikapita nyika ya Taru na milima ya Taita, ikapumzika Taveta kabla ya kuelekea Kilimanjaro. Pamoja na vitambaa na shanga ilibeba bunduki na baruti. Kiswahili kimehifadhi majina ya silaha hizo: bunduki ya mrao iliyowashwa kwa utambi, gumegume iliyotoa cheche kwa jiwe, na gobori lililoshindiliwa kwa mdomo wa mtutu. Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalitia saini Mkataba wa Brussels, ambao pamoja na mambo mengine ulizuia uingizaji wa silaha katika sehemu kubwa ya Afrika. Magobori yaliyokwisha kuingia yaliendelea kurithishwa kutoka kwa baba hadi kwa mwana.

Njia ya pili ni Vita Kuu ya Kwanza. Kaunti yetu ilikuwa uwanja wa vita. Mwezi Agosti 1914 majeshi ya Wajerumani yalivuka mpaka na kuiteka Taveta. Mwaka 1915 Waingereza walianza kujenga reli kutoka Voi kuelekea huko. Tarehe 12 Februari 1916 yalitokea mapigano ya kilima cha Salaita, ambapo Waingereza na wanajeshi wa Afrika Kusini walirudishwa nyuma. Mwezi uliofuata palipiganwa vilima vya Latema na Reata, na Taveta ikakombolewa. Makaburi ya kijeshi ya Voi, Maktau na Taveta ni ushahidi wa gharama ya vita hivyo. Hadi leo wachungaji na wakulima huokota maganda ya risasi na vipande vya vyuma katika maeneo hayo.

Njia ya tatu ni Vita vya Pili vya Dunia na kipindi cha hali ya hatari kilichotangazwa Oktoba 1952. Silaha za askari wa King's African Rifles zilikuwa mali ya serikali, na askari alizirudisha alipomaliza utumishi. Kwa hiyo familia inayosimulia kwamba mzee "alipewa bunduki na jeshi akaenda nayo nyumbani" inafaa kuuliza zaidi. Katika maeneo ya Mlima Kenya na Aberdare, wapiganaji wa msituni walijitengenezea bunduki kwa mabomba ya maji, komeo za milango na mipira ya magurudumu. Baadhi ya bunduki hizo sasa zimo katika makumbusho, hata London. Sisi tuna kumbukumbu nyingine ya kipindi hicho: kambi ya kizuizini ya Manyani.

Njia ya nne, na pengine iliyo karibu nasi zaidi, ni uwindaji na ulinzi wa mashamba. Takriban asilimia 62 ya ardhi ya kaunti hii iko ndani ya mbuga za Tsavo. Zamani baadhi ya watu walikuwa na leseni za bunduki za kuwindia au za kufukuzia wanyama waharibifu. Mwezi Mei 1977 serikali ilipiga marufuku uwindaji nchini. Bunduki zilipoteza kazi, wenye leseni wakazeeka, na karatasi zikaliwa na mchwa. Hapo ndipo bunduki iliyokuwa halali kwa babu ilipogeuka kuwa tatizo kwa mjukuu.

3. Tukumbuke pia wasiokuwa na bunduki

Kuna jambo ambalo bunduki ukutani hulificha. Waafrika wengi walioingia katika vita vya 1914 hadi 1918 upande huu wa dunia hawakupewa silaha. Walikuwa wachukuzi. Walibeba chakula, maji, hema na masanduku ya risasi vichwani, kutoka hapa hadi kusini ya Tanzania ya leo na hata Msumbiji. Walikufa kwa maelfu mengi, zaidi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Mtaa wa Kariokor jijini Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam ulipata jina kutokana na kikosi hicho cha wachukuzi. Kwenye sanamu ya ukumbusho iliyoko Kenyatta Avenue, Nairobi, mchukuzi amesimama pamoja na askari.

Mjukuu wa mchukuzi hana bunduki ya kuonyesha. Je, babu yake alikuwa na heshima ndogo kuliko babu wa jirani? Na nyanya aliyelima peke yake miaka minne akilisha watoto huku hajui kama mumewe yu hai, yeye aliacha nini ukutani? Labda jembe lililokwisha makali, au chungu.

Tukilitafakari hilo, jibu la swali letu linaanza kuonekana. Kinachoitukuza bunduki ni habari iliyofungwa ndani yake. Bunduki isiyo na habari ni chuma chakavu chenye hatari. Habari isiyo na bunduki bado ni urithi kamili. Kwa bahati mbaya, familia nyingi hulinda chuma kwa kufuli na kuiacha habari ife na wazee.

4. Sheria inasemaje

Silaha nchini Kenya zinasimamiwa na Sheria ya Silaha, Sura ya 114 ya Sheria za Kenya. Mambo ya msingi ambayo kila familia inapaswa kuyafahamu ni haya.

Kwanza, hairuhusiwi kununua, kupokea wala kuwa na bunduki au risasi bila cheti halali. Adhabu yake ni kifungo kinachohesabiwa kwa miaka, wala si miezi.

Pili, cheti ni cha mtu mmoja aliyechunguzwa na kukubaliwa. Mwenye cheti akifariki, cheti hakirithiwi kama shamba au ng'ombe. Mtoto anayetaka kuimiliki silaha ya baba yake lazima aombe cheti chake mwenyewe kutoka Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha, naye achunguzwe upya. Bodi inaweza kukubali au kukataa.

Tatu, wosia hauondoi sharti hilo. Mzee anaweza kutamka mbele ya ukoo wote kwamba bunduki ni ya kifungua mimba, lakini matamshi hayo hayawi leseni. Vilevile Sheria ya Mirathi, Sura ya 160, inakataza mtu kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya kisheria. Anayechukua bunduki kimya kimya wakati wa matanga anaweza kujikuta amekosa mara mbili.

Nne, usijiamulie mwenyewe kwamba silaha "ni ya kale tu" au "haifanyi kazi tena" na kwamba kwa hiyo haikuhusu. Uamuzi huo ni wa maafisa wenye ujuzi na mamlaka. Raifo iliyotengenezwa miaka 100 iliyopita inaweza bado kuua.

Tano, ipo sheria nyingine inayohusu vitu vya kale: Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006. Chini ya sheria hiyo, kitu kinachohamishika kilichotengenezwa Kenya au kuletwa nchini kabla ya mwaka 1895, isipokuwa kitabu au hati, huhesabiwa kuwa kitu cha kale kinacholindwa, na hakiwezi kupelekwa nje ya nchi bila kibali. Gobori la enzi za misafara linaweza kuingia katika kundi hilo. Kwa hiyo mnunuzi anayekuja na gari akitaka "vitu vya zamani" vya kuuza ng'ambo anaweza kukuingiza matatani. Kumbuka pia kwamba sheria hii inalinda historia. Haikupi ruhusa ya kuweka silaha nyumbani.

Maelezo haya ni ya kuelimisha wananchi. Mwenye jambo linalomhusu binafsi azungumze na wakili.

5. Hatari zilizo karibu

Wengine husema, "Imekaa miaka 50 na haijamdhuru mtu." Miaka hiyo haihakikishi usalama wa kesho. Tuziangalie hatari tatu.

Ya kwanza ni watoto. Mtoto hupata kitu kilichofichwa kabla ya polisi kukipata. Akiona mtutu, hucheza kama alivyoona kwenye televisheni. Bunduki iliyoachwa na risasi ndani tangu siku za babu huenda bado ina risasi hiyo ndani.

Ya pili ni wezi. Habari ya bunduki haifichiki kijijini. Silaha ikiibwa na kutumika katika uhalifu, familia iliyokuwa ikitunza ukumbusho itajikuta ikieleza ni kwa nini haikutoa taarifa.

Ya tatu ni risasi na mabomu ya zamani. Risasi zilizoshika kutu na baruti iliyozeeka hazitabiriki. Ukiokota kitu kinachofanana na kombora au bomu shambani, hasa maeneo ya Salaita, Mbuyuni, Maktau na vilima vya Taveta, usikiguse, usikitikise, usikitupe motoni wala usikiuze kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Weka alama kwa mbali, waondoe watu, kisha mwarifu chifu au piga simu ya polisi 999 au 112.

6. Hatua kwa hatua: la kufanya ukiwa na silaha ya marehemu

Hatua ya kwanza: iache ilipo. Usiisafishe, usiifungue, usijaribu kuvuta kifyatulio ili "kuona kama inafanya kazi." Funga chumba na uwaondoe watoto.

Hatua ya pili: tafuta karatasi. Angalia katika sanduku la marehemu, katika Biblia au Kurani ya familia, na katika bahasha za zamani. Cheti kilichokwisha muda bado kina maana, kwa sababu kinaonyesha kwamba silaha iliingia nyumbani kwa njia halali.

Hatua ya tatu: toa taarifa bila kuibeba silaha. Usipande matatu wala bodaboda ukiwa na bunduki ndani ya gunia. Nenda kwanza kwa mkuu wa kituo cha polisi kilicho karibu, au umwendee chifu ili afuatane nawe. Eleza ni ya nani, iko wapi, na marehemu alifariki lini. Maafisa watapanga jinsi ya kuichukua. Ukiwa na wasiwasi, nenda na wakili au mzee unayemwamini. Kujitokeza mwenyewe ni tofauti kabisa na kukutwa nayo.

Hatua ya nne: hakikisha taarifa imeandikwa. Omba nambari ya OB na uandikiwe stakabadhi inayotaja aina ya silaha na nambari zilizochongwa juu yake. Weka nakala pamoja na cheti cha kifo.

Hatua ya tano: sema mapema unachoomba. Kama mmoja wenu anataka kuomba cheti, mjulishe afisa ili upewe utaratibu wa Bodi. Kama familia inaamini silaha ina thamani ya kihistoria, andikeni barua mkiomba wataalamu wa Makumbusho ya Kitaifa waione kabla ya uamuzi wowote. Barua hiyo si hakikisho, lakini ombi lisiloandikwa husahaulika haraka.

Hatua ya sita: msimpelekee fundi wa kuchomelea ili "aizibe mtutu" ibaki pambo. Kutengeneza au kubadilisha silaha bila idhini ni kosa kwa fundi na kwa aliyemtuma.

Ni lazima tuwe wakweli hapa. Silaha iliyosalimishwa huenda isirudi tena. Mwezi Novemba 2016 silaha haramu 5,250 ziliteketezwa Ngong', na Juni 2021 nyingine 5,144 ziliteketezwa huko huko. Hatua hiyo ni ya lazima katika nchi iliyopoteza watu wengi kwa wizi wa mifugo na ujambazi. Lakini familia inayosalimisha silaha ya mzee ina haki ya kujua kwamba huenda inaiaga. Ndiyo maana hatua inayofuata ni muhimu kuliko zote.

7. Kuhifadhi habari kabla chuma hakijaondoka

Tuchukue mfano wa kubuni. Mjane wa miaka 80 na kitu ana bunduki ya marehemu mumewe chini ya kitanda. Mwanawe mkubwa anataka iuzwe. Mdogo anataka izikwe shambani usiku. Mama anakataa yote mawili.

"Mama, hii itatupeleka jela."

"Baba yenu aliishika hii simba walipoingia boma, nyinyi mkiwa wadogo. Mkiichukua, nitawaonyesha nini wajukuu?"

Kosa la wana hao si kuogopa sheria. Ni kwamba hawakumsikia mama yao. Alikuwa akiomba ushahidi, nao wakamjibu kuhusu mali. Wangekaa naye jioni mbili, wakarekodi kisa chote kwa simu, mwaka gani, boma lipi, nani alikuwepo, simba walikuwa wangapi, wangempa kile alichokuwa akikililia. Baada ya hapo kuita chifu kungekuwa rahisi zaidi.

Basi familia ifanye hivi:

Rekodi masimulizi. Simu ya kawaida inatosha. Anza kwa kutaja tarehe, mahali na jina la anayesimulia. Mwache mzee azungumze kwa lugha anayoiota, iwe Kidawida, Kisagalla, Kitaveta, Kikamba au Kiswahili. Usimkatize kumsahihisha miaka.

Uliza maswali madogo. "Alishiriki vita gani?" huleta jibu fupi. "Siku aliporudi ulikuwa ukifanya nini? Alikuwa amevaa nini? Nani alimwona wa kwanza?" huleta kisa. Uliza pia yale magumu: aliwahi kujuta? Kuna aliyeumizwa? Urithi wa kweli hubeba sifa na majeraha pamoja.

Piga picha. Maafisa wakishahakikisha silaha haina risasi, omba ruhusa ya kuipiga picha: nzima, kitako, mkanda, herufi zilizochongwa, nembo na mwaka. Alama hizo husema mengi. Raifo nyingi za Kiingereza zina taji, jina la kiwanda na mwaka wa kutengenezwa. Wakati mwingine alama husahihisha masimulizi. Familia iliyoamini ina "bunduki ya Mjerumani ya 1914" inaweza kukuta mwaka wa baadaye kabisa. Hilo lisiwavunje moyo; linawapa swali jipya la kumuuliza mzee.

Kusanya vitu vinavyoruhusiwa. Nishani, picha, kofia, vitabu vya malipo na kikasha cha kipande haviitaji leseni. Viwekeni mahali pakavu, katika bahasha za karatasi badala ya plastiki inayoshika unyevu. Andikeni nyuma ya kila picha kwa penseli: nani, wapi, lini.

Fanyeni nakala tatu. Moja ibaki nyumbani, nyingine kwa ndugu anayeishi mbali, na ya tatu mnaweza kuitoa kwa shule, maktaba au makumbusho. Simu ikianguka majini, kumbukumbu ya vizazi vitatu isizame nayo.

Fanyeni kikao cha kuaga. Siku silaha itakapochukuliwa, iteni wajukuu wakubwa. Mzee asimulie kisa chake mbele ya watu. Mahali bunduki ilipotundikwa pawekwe picha ya mwenyewe na maelezo mafupi chini yake. Kilichokuwa kimefichwa chini ya kitanda sasa kitaonekana na kila mgeni.

8. Nani anahusika na nini

Wakazi wengi huja katika ofisi za kaunti na maswali yanayohusu serikali ya kitaifa, na kinyume chake. Katika jambo hili mgawanyo uko hivi.

Usalama, polisi na leseni za silaha ni kazi ya serikali ya kitaifa. Ofisi ya kaunti haiwezi kupokea silaha yako, kukuwekea wala kukupa cheti. Tafadhali usilete silaha katika ofisi yoyote ya kaunti, wadi au hospitali.

Shughuli za kitamaduni, maktaba na makumbusho ya kaunti zimo katika majukumu ya kaunti kulingana na Jedwali la Nne la Katiba. Ukiwa na masimulizi, picha au hati za mzee wako, idara inayoshughulikia utamaduni ndiyo mlango wako. Turathi za kitaifa ziko chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya.

Chifu, naibu wa chifu na wazee wa Nyumba Kumi ni kiungo kati ya familia na vyombo vya usalama. Wazee hao wanakumbushwa kwamba anayejitokeza mwenyewe apokelewe kwa heshima. Mjane akitangazwa sokoni kwa kukiri ana bunduki ya marehemu, familia kumi nyingine zitazizika zao usiku uleule.

9. Maswali ya majadiliano

Maswali haya yanaweza kutumiwa nyumbani, darasani, katika chama au barazani.

Moja: Taja kitu kimoja cha marehemu kilichomo nyumbani kwenu. Habari yake inajulikana na watu wangapi walio hai?

Mbili: Ni nani katika ukoo wenu aliyepitia vita, kizuizi au uchukuzi lakini hakuacha kitu chochote? Nani anaweza kusimulia habari zake leo?

Tatu: Jirani akikuambia kwa siri kwamba ana bunduki ya baba yake, utamshauri nini bila kumwaibisha?

Nne: Kati ya kuiona bunduki ya babu bila kujua habari zake, na kuijua habari yake bila kuiona bunduki, mtoto wako angechagua nini? Muulizeni mwenyewe.

Kwa kumalizia, fanya jambo moja kabla ya toleo lijalo. Kama kuna silaha nyumbani, nenda kwa chifu au kituo cha polisi wiki hii. Kama hakuna, chukua simu yako, kaa karibu na mzee wako jioni moja, na umwombe akusimulie. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wazee wetu ni mali hiyo, na daftari unalo mkononi.